Mtoto Anapobadilika Baada ya Mafua au Tetekuwanga

Malengelenge ya tetekuwanga yamekauka, homa imeshuka, nanyi nyumbani mmeanza kupumua. Mara mtoto anatapika, tena na tena, hata maji hayakai. Halafu analemewa na usingizi, au anakuwa mkali na kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Wazazi wa Miritini, tafadhali msingoje kukuche.

Huenda ni ugonjwa wa Reye, ulioelezwa mwaka 1963 na Douglas Reye, daktari wa Sydney, Australia. Huzuka mtoto anapoelekea kupona mafua makali au tetekuwanga. Ini huingia mafuta na kushindwa kusafisha damu, sukari inaweza kushuka, ubongo huvimba. Ni ugonjwa wa nadra, lakini huua upesi.

Aspirini ndiyo inayotajwa zaidi kuuchochea. Marekani iliripoti wagonjwa 555 katika msimu wa 1979–80. Wazazi walipoonywa, idadi ilianguka. Kati ya 1994 na 1997 hawakuzidi wawili kwa mwaka. Uingereza nayo haishauri aspirini kwa aliye chini ya miaka 16, ila kwa amri ya daktari.

Kwetu hatari imejificha dukani. Unaomba dawa ya homa, muuzaji anakata tembe mbili kwa mkasi, jina linabaki kwenye kipande kingine. Tembe nyingi za kichwa za watu wazima zimechanganywa na aspirini. Omba uone pakiti nzima. Ukisoma “aspirin” au “acetylsalicylic acid”, mtoto asipewe. Parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake, yatosha.

Mtoto akikakamaa, wazee watasema ni nyuni, pepo wa degedege. Dua isomwe, lakini isomwe njiani. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Dalili hizi huletwa pia na malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi wamekuta hata virusi vya chikungunya kwa watoto waliolazwa na maradhi ya ubongo na neva. Kwa macho huwezi kuyatofautisha maradhi haya. Tone la damu ya kidole hupima malaria na sukari kwa dakika chache, na sukari iliyoshuka hutibika hapo hapo.

Pandeni tuktuk mwende hospitali ya Port Reitz au Coast General, usiku huo huo. Bebeni kila dawa aliyomeza, na mweleze saa aliyoanza kutapika.