Kupima Mimea kwa Kamera ya Ndege Nyuki: Mlaji Ajue Analipia Nini

Huduma ya kupiga picha mashamba kwa ndege nyuki, ambazo wengi huziita droni, sasa inauzwa kwa vyama vya ushirika vya msingi, kwa vikundi vya wakulima na hata kwa mkulima mmoja mmoja. Mtoa huduma huja na kifaa chenye lenzi nne au tano ndogo, hukirusha juu ya shamba kwa muda mfupi, na baada ya siku kadhaa humkabidhi mteja ramani yenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Malipo hutozwa kwa ekari. Mkulima huelezwa kwamba penye kijani mazao ni mazima na penye nyekundu yanaumwa; na pengine mtu yuleyule aliyeleta ramani huwa na mbolea au dawa ya kuuza kwa ajili ya sehemu hizo nyekundu.

Mlaji hana budi kufahamu tangu mwanzo kwamba rangi hizo hazikutoka shambani. Zimechaguliwa na programu ya kompyuta. Kinachotoka shambani ni namba, na namba hiyo ndiyo bidhaa anayoilipia. Ikiwa imepimwa vizuri, inaweza kumwokolea gharama ya mifuko mingi ya mbolea. Ikiwa imepimwa ovyo, ramani yake hupendeza vilevile, na hapo ndipo mtu huingia hasara bila kujua.

Kamera inaona nini

Jani zima hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa buluu kwa klorofili yake, nalo hutumia nishati hiyo kujitengenezea chakula. Kijani hufyonzwa kidogo zaidi, ndiyo maana tunaliona jani kuwa la kijani. Upo mwanga mwingine, ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni: huu ni infraredi ya karibu. Jani halina matumizi nao. Seli zake za ndani, pamoja na nafasi za hewa zilizo katikati yake, huutawanya na kuurudisha nje kwa wingi. Mmea unapodhoofika au majani yanapopungua, mwanga mwekundu unaorudi huongezeka na infraredi hupungua. Aghalabu mabadiliko hayo hupimika kabla macho hayajaona umanjano.

Kati ya kanda hizo mbili upo ukanda mwembamba ambapo kiwango cha kuakisi hupanda ghafla, takriban kati ya nanomita 680 na 750. Wataalamu huuita ukingo wa wekundu. Manufaa yake yataonekana baadaye.

Kamera ya kawaida ya simu haiwezi kupima haya, kwa kuwa imewekewa kichujio kinachozuia infraredi, na kanda zake tatu za rangi ni pana na hupishana. Kamera ya kanda nyingi huwa na lenzi kadhaa zilizopangwa pamoja, kila moja ikiwa na kichujio chake chembamba na kihisi chake. Zamani vifaa vya namna hii vilibebwa na ndege kubwa au satelaiti. Kamera ya Sequoia ya kampuni ya Parrot ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2016, ina uzito wa gramu 72 tu, na kihisi chake cha mwanga wa jua gramu 35. RedEdge-M ya kampuni ya MicaSense ya Marekani hupima kanda 5: buluu, kijani, nyekundu, ukingo wa wekundu na infraredi, ikipaa mita 120, pikseli yake moja hufunika takriban sentimita 8 ardhini. Mavic 3 Multispectral ya DJI ya China, ya mwaka 2022, ina kanda 4 pamoja na kamera ya kawaida, zote zikiwa ndani ya ndege yenyewe. Wepesi huo ndio ulioishusha teknolojia hii hadi kwa mkulima, maana kila gramu inayoongezwa hupunguza dakika za kukaa angani, na dakika ndizo ekari.

Namba na masharti yake

Namba inayotumika zaidi huitwa NDVI. Ilianza kupata umaarufu katika miaka ya 1970, wakati picha za satelaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, zilipotumika kufuatilia nyasi za nyanda za Marekani. Hesabu yake ni nyepesi: chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Jani likiakisi asilimia 45 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu, tofauti ni 40, jumla ni 50, na NDVI ni 0.80. Udongo mkavu ukiakisi 26 na 20, tofauti ni 6, jumla ni 46, na jibu ni takriban 0.13.

Tatizo ni kwamba kamera hairekodi asilimia. Hurekodi mwangaza uliofika kwenye kihisi, na kila lenzi hujipangia muda wake wa kufungua kulingana na inavyoona. Tuseme kwamba kwa sababu hiyo ukanda mwekundu umerekodiwa mara mbili ya uhalisi wake: badala ya 5 kuna 10. Sasa hesabu ni 35 kwa 55, yaani 0.64. Hakuna hata jani moja lililobadilika, lakini shamba limeshuka kutoka 0.80 hadi 0.64, na mwenye shamba anaweza kushauriwa aongeze mbolea.

Kinga ya kosa hili ni mambo mawili. La kwanza ni kibao cha kusawazishia: kipande bapa cha rangi ya kijivu ambacho kiwango chake cha kuakisi katika kila ukanda kinajulikana. Hupigwa picha ardhini kabla ya kuruka, na ni bora kipigwe tena baada ya kutua. La pili ni kihisi cha jua kinachokaa mgongoni mwa ndege na kurekodi kupanda na kushuka kwa mwanga wakati wa safari. Kihisi hicho husaidia siku ya mawingu, lakini hakiponyi kila kitu: wingu linaweza kutia kivuli upande mmoja wa shamba huku ndege yenyewe ikiwa juani. Siku ya mawingu yaliyotapakaa vipandevipande ni siku ya kuahirisha kazi. Saa zinazofaa ni zile za jirani na adhuhuri, jua likiwa juu na vivuli vikiwa vifupi.

Mlaji asione haya kusimama shambani siku ya kazi na kuuliza kibao kiko wapi. Akiambiwa kimesahaulika, ajue kwamba ramani atakayopewa haitaweza kulinganishwa na ya mwezi ujao wala ya msimu ujao. Haitakosa manufaa yote: ndani ya safari moja, mwanga ukiwa umetulia, bado itaonyesha sehemu gani ya shamba inatofautiana na nyingine. Lakini hiyo ni bidhaa duni zaidi, na bei yake iwe ya bidhaa duni. Kwa anayenunua kamera iliyokwisha tumika, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa vibao huja na thamani zake maalumu. Kilichopotea, kilichochafuka au kilichochunwa huifanya kamera nzima kuwa na kasoro.

Rangi zinavyoweza kudanganya

Programu nyingi hupanga rangi kwa kulinganisha sehemu za shamba lenyewe: namba ndogo kabisa hupewa nyekundu na kubwa kabisa hupewa kijani. Shamba la mahindi lililostawi lote, lenye namba kati ya 0.76 na 0.84, litatoka na mabaka mekundu kana kwamba linaungua. Na shamba lililodhoofika lote, kati ya 0.30 na 0.45, litakuwa na kijani kizuri sana upande mmoja. Kwa hiyo ramani isiyo na kipimo cha namba pembeni mwa rangi isipokelewe. Huu ndio udanganyifu rahisi kuliko wote katika biashara hii, na mara nyingine anayeufanya hajui kwamba anaufanya.

Kuna pia jambo la jina. Zipo kamera za kawaida zilizotolewa kichujio cha infraredi na kuwekewa kingine, zikauzwa kuwa za NDVI kwa bei ya chini. Ndani yake infraredi huvuja na kuchanganyika na ukanda wa rangi nyekundu, na kuzitenganisha barabara si rahisi. Na zipo huduma zinazotumia picha za kawaida tu, bila infraredi yoyote, kisha zikakokotoa kielezo kama VARI kinachotegemea nyekundu, kijani na buluu. VARI ni kielezo halali, chenye kazi yake. Si NDVI, na kukiuza kwa jina hilo ni kumpotosha mnunuzi. Dawa ya haya yote ni swali moja: kamera hii ina kanda zipi, za nanomita ngapi? Mtoa huduma anayeijua kazi yake atajibu papo hapo.

NDVI yenyewe nayo ina kikomo. Miwa iliyokwisha kufunga majani, au chai iliyotanda vizuri, huifikisha namba hiyo karibu na kilele na kuituliza hapo. Majani yanaweza kuongezeka au naitrojeni kupungua na namba isitikisike sana. Hapo ndipo ukingo wa wekundu unapofaa, kwa kielezo kiitwacho NDRE, ambacho huendelea kutofautisha pale NDVI inaposhindwa. Mkulima wa mazao yanayofunga ardhi aitake NDRE kwa jina. Mwanzoni mwa msimu mambo ni kinyume: miche ni midogo, udongo ndio unaojaa kwenye picha, na fedha za kupima hupotea bure.

Ramani haitaji ugonjwa

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa miwa kinachopewa ramani yenye baka hafifu la ekari tatu. Baka hilo linaweza kuwa upungufu wa naitrojeni. Linaweza kuwa maji yaliyotuama na kuozesha mizizi, mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, mfereji wa umwagiliaji ulioziba, wadudu, au mbegu iliyoota vibaya. Kamera huona kwamba majani ni machache au klorofili imepungua; sababu haioni. Kikundi kikimwaga urea pale penye maji yaliyotuama, mbolea nyingi itapotea na miwa itabaki vilevile. Kosa la upande wa pili lipo pia: magugu ni kijani, na shamba lililomezwa na magugu hupata namba nzuri.

Ramani basi itumike kuchagua mahali pa kwenda kwa miguu. Chagua sehemu tatu zenye namba ndogo, tatu zenye namba kubwa na moja ya katikati, uende nazo pamoja na afisa ugani, mkiangalia majani ya chini na ya juu, mkichimba kuona mizizi na unyevu. Huduma isiyojumuisha matembezi hayo, au isiyokupa alama za mahali zinazofunguka kwenye simu ili uyafanye mwenyewe, imekuachia nusu ya kazi.

Kabla ya kulipa

Kwanza mlaji ajiulize kama anahitaji ndege kabisa. Satelaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya hutoa picha bure, zenye ukanda mwekundu na infraredi kwa pikseli za mita 10, na kwa satelaiti mbili eneo lilelile hupitiwa kila baada ya siku 5. Ekari moja hupata pikseli takriban 40. Mwenye ekari hamsini za mahindi anaweza kuona baka lililodhoofika kwa picha hizo bila kulipa mtu wa kurusha chochote. Kikwazo chake kikubwa ni mawingu, hasa wakati wa masika, ambapo wiki nyingi zinaweza kupita bila picha safi. Na kwa bustani ya mboga ya robo ekari pikseli hizo ni kubwa mno. Ndege nyuki hulipa pale panapohitajika kuona mstari kwa mstari, au kupima siku maalumu iliyochaguliwa na mkulima.

Akiamua kulipa, makubaliano yawe ya maandishi na yataje kanda zitakazopimwa, urefu wa kurukia, matumizi ya kibao, na kwamba mteja atakabidhiwa picha ghafi pamoja na faili la namba, si karatasi ya rangi peke yake. Bila faili hizo hawezi kuomba maoni ya mtaalamu mwingine. Ijulikane pia data ni mali ya nani, na kama mtoa huduma anaruhusiwa kumpa muuza pembejeo au mkopeshaji. Usajili wa ndege na kibali cha kurusha ni wajibu wa mrushaji mbele ya mamlaka ya usafiri wa anga, nayo Tanzania ni TCAA. Mteja aombe kuviona kabla ya siku ya kazi, kwa kuwa kazi iliyosimamishwa katikati haina ramani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Anayelalamika alete makubaliano, risiti, ramani, faili alizokabidhiwa na picha alizopiga mwenyewe shambani katika sehemu zinazobishaniwa, zikiwa na tarehe. Picha hizo zipigwe mapema, mazao yakiwa bado yamesimama.