Tiketi Yenye Saa

Swali: Je, msafiri wa Misungwi aendaye Italia anunue tiketi za makumbusho ya sanaa mapema, ilhali Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, humpokea mgeni afikapo?

Jibu: Ndiyo, na kwa baadhi ni lazima. Galleria Borghese ya Roma hutumia tiketi ya muda maalumu, yaani inayotaja saa ya kuingia, na humpa mgeni saa mbili tu. Nako Milano, Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci hutazamwa kwa dakika 15, kwa kuwa unyevu na vumbi la watu huidhuru rangi iliyopakwa juu ya ukuta mkavu. Tiketi iliyoandikwa 15:00 humaanisha saa tisa alasiri ya huko, wakati Misungwi ni saa kumi au kumi na moja, kulingana na majira.