Simu ya Kikundi na Jirani Mkimbizi Wakati wa Mkurupuko



Somo letu la mara hii linahusu simu. Vikundi vingi vimezoea kuitumia kwa kutuma mchango, kuuliza bei ya mbuzi sokoni au kuitana mkutanoni. Leo tunataka kuitazama kama chombo cha afya: jinsi inavyoweza kumfikishia jirani mkimbizi habari ya kweli wakati ugonjwa umeingia. Somo linawahusu hasa ninyi mnaoishi karibu na Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, lakini hata walio mbali na kambi wana majirani wakimbizi mijini na mashambani.

LENGO LA SOMO: Baada ya somo hili kikundi kiweze (a) kuandika ujumbe mfupi wa afya unaoeleweka, (b) kupanga nani atampigia nani, na (c) kujibu uvumi bila kumwaibisha mtu.

1. Kwa nini tuharakishe

Tuchukue mfano wa kipindupindu. Ugonjwa huu huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kuambukizwa. Mgonjwa mahututi huharisha maji matupu, akapoteza maji mengi ya mwilini, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Lakini akianza kunywa ORS mapema na kufikishwa kwa daktari, karibu wote hupona. Tofauti ya uhai na kifo ni saa. Ndiyo sababu tunasema habari iliyochelewa siku moja imechelewa sana.

Mnamo Julai 1994, wakimbizi mamia kwa maelfu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Shida kubwa ilikuwa maji safi, na tuseme wazi kwamba simu haitoi maji. Hata hivyo, pale ambapo maji, dawa na kliniki vipo, mtu asiyejua vilipo ni sawa na mtu asiyekuwa navyo.

Hapa kwetu, kambi za Dadaab zilipata kipindupindu kuanzia Novemba 2015, na zaidi ya watu 1,000 waliugua. Oktoba 2022 ugonjwa ulizuka tena nchini. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa baada ya sherehe ya harusi katika Kaunti ya Kiambu, na Kaunti ya Garissa pamoja na kambi za Dadaab zikaguswa pia. Basi tuache ile tabia ya kusema eti ugonjwa huletwa na wakimbizi. Tunachota maji pamoja, tunauziana sokoni, tunapanda bodaboda zilezile. Ugonjwa haujui ua wa kambi.

2. Simu inafika wapi, na haifiki wapi

Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilisimamisha mikutano ya hadhara na hata ibada. Baraza la chifu halikuwezekana. Simu na redio za jamii, kama vile Radio Gargaar kule Dadaab, zikawa njia kuu ya kuwafikia watu. Wizara ya Afya nayo ilifungua namba 719 ya kuuliza habari za korona bila malipo.

Lakini tusidanganyike kwamba kila mtu ana simu. Uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba katika kila kaya 100 za wakimbizi duniani, kaya 29 hazikuwa na simu hata moja, na ni 39 tu zilizokuwa na simu yenye intaneti. Kwa hivyo kikundi kinachotuma kila kitu kwa WhatsApp kinaongea na wachache. Mwenye "mulika mwizi" hapati picha wala video. Na katika nyumba nyingi simu ni ya baba, naye hutoka nayo asubuhi. Mama anayechota maji na kulea watoto ndiye anayehitaji habari, lakini haisikii mpaka jioni.

Tukumbuke pia kwamba laini nyingine zimeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, au namba imebadilika. Kabla ya ugonjwa kuja, pitieni namba zenu mhakikishe kila moja inaita.

3. Ujumbe mzuri ukoje?

Meseji moja ya kawaida huchukua herufi 160, pamoja na nafasi. Hiyo si hasara, maana inatulazimisha kusema jambo moja. Linganisheni hizi mbili:

Ya kwanza: "Wananchi wote wanatahadharishwa kuhusu mkurupuko wa ugonjwa hatari na kuombwa kuzingatia kanuni za afya."

Ya pili: "Kipindupindu kimeonekana kwetu. Ukiharisha kama maji, kunywa ORS sasa hivi na uende zahanati mara moja, hata usiku. Endelea kunywa njiani."

Ya kwanza inatisha tu. Msomaji hajui afanye nini. Ya pili inamwambia kuna nini, afanye nini na lini. Ongezeni jina la zahanati iliyo karibu. Wekeni pia tarehe na jina la kikundi, ili ujumbe wa mwezi jana usizunguke kama habari mpya.

Msimwagize mtu kitu asichoweza kukipata. Mkisema "tibu maji ya kunywa," semeni dawa ya maji inatolewa wapi. Mkisema "kunywa ORS," semeni inapatikana kwa nani. Kama haipo karibu, mgonjwa aanze na hii: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawasawa bila kurundika. Chumvi isizidi, maana ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Na hii ni ya kumsaidia akiwa njiani kwenda kliniki. Isimfanye abaki nyumbani.

La muhimu zaidi: kabla ya kutuma, mhudumu wa afya asome ujumbe. Kikundi si daktari. Kazi yetu ni kubeba habari iliyopimwa.

4. Lugha ya moyo

Mkimbizi anaweza kujua Kiswahili cha sokoni na bado asielewe neno la ugonjwa. Mkongomani anasema Kiswahili, lakini neno lake ni "kolera". Ukimwambia kipindupindu huenda akakutazama tu. Msomali anasema "daacuun". Kakuma wako pia wanaosema Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kirundi na Kioromo.

Dawa ni kumtafuta mwenye lugha yake ndani ya jamii hiyo na kumwomba arekodi ujumbe wa sauti, usiozidi dakika moja. Sauti humfikia hata asiyejua kusoma, na watu wataitambua kuwa ni ya mwenzao. Kisha mwombeni mtu mwingine wa lugha hiyo asikilize na awaelezee kwa Kiswahili amesikia nini. Mkisikia jambo lingine tofauti na mlilolikusudia, rekodini upya.

5. Mti wa simu

Huu ni mpango rahisi usiohitaji intaneti. Mtu 1 akipokea habari kutoka zahanati huwapigia watu 5. Kila mmoja wa hao huwapigia wengine 5. Jumla ni watu 30 waliopigiwa. Kila mmoja akipewa nyumba 10 za jirani za kupitia kwa miguu, habari imefika nyumba 300, pamoja na zile zisizo na simu. Simu inavuka mbali, miguu inamalizia.

Hakikisheni ndani ya mti kuna wakimbizi na wenyeji, wanawake na wanaume, viongozi wa makanisa na wa misikiti. Kila mmoja awe na wa kushika nafasi yake ikiwa simu imezima. Kikundi kitenge pesa kidogo za kredi mapema, zikae kando. Asiye na kredi abipu, naye apigiwe.

6. Habari irudi pia

Wengi hudhani kazi ni kutuma tu. Lakini jirani ndiye wa kwanza kuona ugonjwa kabla hata hospitali haijajua. Mkiona watu wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaharisha maji matupu ndani ya siku moja, au mtu mzima amekufa kwa kuharisha, msingoje mkutano. Mpigieni mhudumu wa afya wa jamii papo hapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakiwa na vifaa vya kazi pamoja na simu. Ndani ya kambi, wahudumu wengi ni wakimbizi wenyewe. Andikeni namba zao ukutani pale mnapokutania.

7. Uvumi na siri ya mgonjwa

Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo. Watu wengi waliamini kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa, na mapema mwaka 2019 vituo vya matibabu kule Katwa na Butembo vilishambuliwa. Walioogopa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameteswa na vita miaka mingi, na hawakuwa na sababu ya kuamini kila mgeni. Wahudumu wa kujitolea walijifunza kukusanya maneno ya watu na kuyajibu, badala ya kuwakaripia.

Nasi tufanye hivyo. Ukipata meseji ya kutisha, usifowadi. Uliza: nani ameituma kwanza? Lini? Mhudumu wa afya anasemaje? Ukipata jibu, litume kwa njia ileile uvumi ulipopitia.

Na jambo hili tulishike sana: tusitume kamwe jina wala picha ya mgonjwa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Kwa mkimbizi hatari ni kubwa zaidi, maana picha yake inaweza kuwafikia hao aliowakimbia. Tena, mgonjwa mmoja akiaibishwa, wengine kumi watajificha. Anayejificha anafia ndani, na ugonjwa unaenea. Semeni "kuna ugonjwa mtaani". Msiseme "yuko nyumba ya fulani".

Somo la kiroho: Someni Luka 10:25-37. Yule Msamaria hakuuliza kabila wala kitambulisho cha aliyeumia. Alimsogelea, akatumia alichokuwa nacho, kisha akamkabidhi kwa wa kumtunza. Simu yetu nayo ifanye hivyo: imsogeze mgonjwa kwa wa kumtunza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu, ni nani asiyeweza kupata habari kwa simu? Tutamfikiaje?
2. Majirani wetu wakimbizi wanasema lugha gani? Nani anaweza kuturekodia?
3. Ni uvumi gani wa ugonjwa tuliwahi kuusikia? Ulijibiwa vipi?
4. Tukimwona mgonjwa usiku, tunampigia nani? Namba hiyo inaita?

KAZI YA KABLA YA MKUTANO UJAO: Choreni mti wenu wa simu kwenye karatasi kubwa. Kisha ujaribuni kwa ujumbe wa kawaida, kwa mfano siku ya chanjo. Pigeni hesabu: ulichukua saa ngapi kufika nyumba ya mwisho, na maneno yalifika yakiwa yaleyale? Hapo mtajua penye kasoro mapema. Kinga ni bora kuliko tiba.