SOMO LA ROBO HII: WATOTO 180 WA MVUMI



Ofisi ya miradi hupokea barua za wanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, wakiomba kufanya utafiti katika sharika zetu. Mara nyingi kamati huuliza: "Hawa wanakuja kuandika tu, sisi tunapata nini?" Swali hilo ni la haki. Wapo wazee waliokwisha kuhojiwa mara tatu au nne na hawajasikia jibu hata moja. Basi tusilijibu kwa maneno ya jumla. Tuutazame utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa kwetu, katika hospitali ya ndugu zetu Waanglikana pale Mvumi.

Daktari wa macho kutoka Uingereza, Allen Foster, alifanya kazi Mvumi kuanzia mwaka 1975 hadi 1985. Miaka ile surua ilikuwa inapita vijijini kama moto wa nyika. Wazee wetu wanaikumbuka. Mtoto alipona homa na upele, lakini akabaki kipofu. Foster na mwenzake wa Marekani, Alfred Sommer, waliwachunguza watoto 130 waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, na wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo viliambatana na surua ya karibuni. Mtoto mwenye vidonda macho yote mawili, mara nyingi chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini A.

Vitamini A hulinda ngozi laini ya jicho, ya njia ya hewa na ya utumbo. Surua inapoingia huitumia kwa haraka akiba iliyopo mwilini. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo, kwa sababu kiangazi kimekuwa kirefu na mboga za majani zimekwisha, hubaki hana kinga. Jicho huoza, na kifua nacho hushambuliwa.

Hapo likazaliwa swali la pili, zito kuliko la kwanza: je, ukimpa mtoto mwenye surua vitamini A, atapona kifo pia? Mapema miaka ya 1980, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Watoto 88 walipewa vitamini A ya kumeza, yuniti 200,000 siku ile ile na nyingine 200,000 kesho yake, pamoja na matibabu ya kawaida. Wengine 92 walipata matibabu ya kawaida. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba watoto 9 kati ya 10 walikuwa na vitamini A kidogo mno, na wazazi wengi wasingeweza kulijua hilo kwa kumtazama mtoto.

Mgawanyo ulifanywa kwa bahati, si kwa uchaguzi wa daktari. Hili huwasumbua wengi, wanaona kama mchezo juu ya uhai wa mtu. Lakini fikirini: daktari mwenye huruma angewapa dawa waliozidiwa. Wangekufa wengi katika kundi la dawa, na watu wangesema dawa inaua. Na wakati ule hakuna aliyejua jibu. Leo utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa, kwa kuwa jibu limekwisha kupatikana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 katika British Medical Journal na Barclay, Foster na Sommer. Katika kundi la vitamini A walikufa watoto 6, yaani 7 katika kila 100. Katika kundi la pili walikufa 12, yaani 13 katika kila 100. Angalieni kwamba tumetaja waliokufa na jumla yao pia. Taarifa nyingi za sharika husema "watoto watano waliugua" bila kusema kati ya wangapi, na kwa mtu wa takwimu hiyo bado si habari.

Je, vifo vilipungua nusu? Watafiti hawakushangilia. Hesabu ilionyesha kwamba hata kama dawa isingefaa kitu, tofauti kubwa kiasi hicho ingeweza kutokea kwa bahati kama mara 13 katika tafiti 100, na wataalamu kwa kawaida hutaka isizidi mara 5. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, hata hivyo, tofauti ilikuwa wazi zaidi: kifo 1 dhidi ya vifo 7.

Wafadhili wetu, mnisamehe, hapa ndipo tunapokwaruzana. Mradi wa mwaka mmoja katika vijiji vitatu huombwa uthibitisho ambao hospitali nzima ya Mvumi haikuweza kuutoa kwa watoto 180. Utafiti mdogo ni tofali, nyumba hujengwa kwa mengi. Kule London, daktari Ellison alikuwa amekwisha kuripoti mwaka 1932 kwamba mafuta yenye vitamini A yalipunguza vifo vya surua, na dunia ikasahau kwa miaka hamsini. Mwaka 1990 watafiti Hussey na Klein wa Cape Town walichapisha matokeo ya watoto 189: walikufa 12, na 10 kati yao hawakupata vitamini A. Baadaye, tafiti zilipojumlishwa, ilionekana kwamba dozi mbili za siku mbili mfululizo ndizo zinazookoa watoto wadogo, kama ilivyofanyika Mvumi.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza vitamini A kwa wagonjwa wa surua mwaka ule ule wa 1987. Leo hospitali humpa mtoto dozi kulingana na umri wake (asipewe nyumbani kwa kukisia), na matone ya mara mbili kwa mwaka hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chanjo ya surua hutolewa katika mwezi wa 9, na tangu 2014 dozi ya pili katika mwezi wa 18. Hiyo ya pili ndiyo akina mama wengi huisahau, maana mtoto ameshaanza kutembea na kliniki imeachwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi akija, kamati isimfukuze wala isimpokee kwa sababu tu ana barua yenye muhuri. Aonyeshe kibali cha maadili. Aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kama wahojiwa ni wazee, anatafuta jibu la swali gani, na kwa nini jibu hilo halijulikani tayari. Mzazi aambiwe wazi kwamba anaweza kukataa, na mtoto wake atatibiwa vile vile. Kisha katibu aandike katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano jina la chuo, jina la msimamizi wake, na tarehe aliyoahidi kurudi kusoma matokeo mbele ya watu. Tarehe hiyo ikipita, mtupigie simu ofisini, nasi tutamwandikia msimamizi.