Kumtafuta mzee aliyekuja Kigali na Wajerumani

Ukitaka kumfuatilia mzee wako aliyefika Kigali enzi za Wajerumani, usianze kwa kuuliza alikuja mwaka gani. Ukiwabana wazee watakutajia mwaka wowote ili umalize chai yako uende. Uliza hivi: Wabelgiji walipoingia, yeye alikuwa wapi? Waliingia Kigali Mei 1916. Askari na wapagazi wengi walirudi nyuma na Wajerumani kuelekea Tabora, ambayo nayo ilitekwa Septemba mwaka huohuo. Aliyebaki Rwanda alikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo mlango wa kuingilia. Kwa baba wa babu yangu, sababu ilikuwa mke.

Nyumbani tulikuwa tukiambiwa tu kwamba "alikuja na Wajerumani". Kauli hiyo inabeba watu wengi: askari, mpagazi, mpishi, boi, hata mchuuzi aliyefuata biashara baada ya Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani, kuweka makao yake Nyarugenge, hapa Kigali, mwaka 1907. Nami ninaishi Gatsata, katikati ya magereji, na nilipata jibu kwa kuifuata kazi badala ya kulifuata jina.

Jina huku linapoteza njia upesi. Mnyarwanda humpa kila mtoto jina lake, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane hata jina moja. Waswahili wana "bin", lakini nayo ina mitego: Mabruki, Feruzi na Faraji ni majina ambayo watumwa wengi walipewa na mabwana zao. Nimekaa na watu wanaojiita Waarabu wa Maskati, na ukichimba vizuri unamkuta Mmanyema wa mashariki ya Kongo. (Usiseme hivyo mezani kwao, chai utaikosa.)

Kazi haipotei kirahisi. Wabelgiji waliwatenga Waswahili katika kambi ya Biryogo, na kutoka humo kulihitaji kibali. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na Mwislamu hakuwa na nafasi kubwa humo. Vijana wengi wakaingia biashara, udereva na ufundi wa magari. Basi nikaenda kwa madereva wazee, nikawauliza nani alimfundisha nani, na nani alikuwa tanboi wa nani. Mzee mmoja asiyemjua babu yangu hata kwa sura alimkumbuka huyo baba wa babu kwa lori alilopanda. Kwa lori tukampata mwajiri, na kwa mwajiri tukapata familia ya pili huko Tabora.

Miaka ipange kwa njaa na wafalme. Uliza kama mtoto fulani alizaliwa kabla au baada ya Rwakayihura, njaa ya 1928 na 1929, au Ruzagayura ya 1943 na 1944. Kung'olewa kwa Mwami Musinga mwaka 1931 pia ni alama nzuri. Andika jibu la kila mzee peke yake, usilichanganye na la mwenzake. Wakipishana, kupishana kwenyewe kutakuonyesha pa kwenda kuuliza tena. Swali likigusa mauaji ya kimbari ya 1994 na mzee akanyamaza, funga daftari, muulize habari za wajukuu.

Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo haikwepeki. Msikiti wa Al-Fatah ulianzishwa mwaka 1913, na waumini wazee wanajua nani alimwozesha nani na nani kazikwa wapi. Makumbusho ya Nyumba ya Kandt nayo yatakupa sura ya mji wenyewe wakati ule, ingawa mzee wako hutamkuta ukutani.

Karatasi ziache za mwisho. Majalada mengi ya kijeshi ya Ujerumani yaliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945, kwa hiyo usitarajie orodha nzima ya askari. Yaliyobaki ya serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani yapo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na mengine Berlin; ya Wabelgiji yapo Brussels. Kabla ya kukata tiketi ya basi, tafuta chati ya hati ya mkono ya Kijerumani ya zamani, ujizoeze kuandika humo jina la mzee wako. Hata anayejua Kijerumani cha leo hushindwa kuisoma bila mazoezi, na karani wa wakati ule aliandika majina yetu kama alivyoyasikia: Juma anaweza kuwa Djuma, na Salumu akawa Ssalum.