Nguo za Dawa Zafuliwa na Nani?

Nilipoanza kulima nyanya, kila Jumamosi jioni nilirudi kutoka kunyunyizia dawa na kutupa ovaroli yangu katika beseni, juu ya nguo za watoto. Mama watoto alikuwa mjamzito. Alizifua kwa mikono mitupu, na usiku akalalamika kichwa na kizunguzungu. Nikamwambia, "Hiyo ni mimba tu." Kumbe nilikosea. Kliniki, muuguzi alimwuliza swali moja: "Nguo za dawa nyumbani kwenu hufuliwa na nani?" Niliona aibu.

Dawa ya kuua wadudu haimwingii mtu kwa mdomo peke yake. Hupenya ngozi, na nguo iliyolowa huishikilia hapo. Kundi moja la dawa hizo, organofosfati, huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya binadamu vilevile. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho na mate mengi, na macho kuona ukungu. Mama mjamzito alindwe zaidi, kwa maana baadhi ya sumu hizi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Basi tufanye hivi:

1. Aliyenyunyizia avue nguo nje, aoge kwa sabuni, ndipo amshike mtoto.

2. Nguo hizo azifue mwenyewe, mbali na nguo nyingine, akiwa na glavu za mpira. Azisuuze kwanza, kisha azifue kwa sabuni na maji ya moto, na beseni lioshwe. Maji yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

3. Mama mjamzito au anayenyonyesha asichanganye dawa wala kuinyunyizia.

4. Mkebe wa dawa usitumiwe kamwe kuwekea maji, maziwa wala unga.

5. Mtu akidhurika, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali upesi pamoja na karatasi ya maelezo ya dawa.

Wako watakaosema kufua ni kazi ya mke. Mimi naifua ovaroli yangu mwenyewe. Majirani walicheka; mama watoto hakucheka, alinishukuru.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Dawa ya shamba huwekwa wapi nyumbani kwetu?

2. Mke wangu anapolalamika kuumwa, je, humsikiliza au humjibu upesi?