Jambia la Oman: atenge pesa ngapi?

Swali: Msomaji wa Mombasa ameanza kukusanya majambia ya Oman. Anauliza atenge kiasi gani kwa mwaka.

Jibu: Aanze na pesa ambayo ikipotea, karo ya watoto haitaguswa. Halafu aiweke yote kwenye jambia moja. Matatu ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa ajili ya watalii ni mapambo tu, na siku ya kuyauza hatampata mnunuzi.

Bei yenyewe ianzie kwenye mizani. Masonara wengi wa zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za fedha, ili kutengenezea majambia. Kila moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na fedha halisi ndani yake ni takriban gramu 23.4. Mkusanyaji akijua uzito wa fedha ya ala na bei ya siku, anajua sakafu ya bei. Kinachozidi hapo ni ufundi, umri na kipini, na hapo ndipo wauzaji hupenda kusimulia hadithi ndefu za masultani. Hadithi bila karatasi isilipiwe hata senti.

Kipini cha pembe ya kifaru ndicho kilichopandisha bei tangu zamani, lakini biashara ya kimataifa ya pembe hiyo imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu 1977. Jambia la namna hiyo linaweza kutaifishwa forodhani pamoja na pesa yote iliyolinunua. Kipini cha mbao au msandali kinamtosha.

Tangu UNESCO iuorodheshe ufundi wa jambia la Oman mwaka 2022, wauzaji wana kisingizio kipya cha kupandisha bei. Abishane nao.